Kalerwe: Mvua imetangazwa, mzigo bado uko sakafuni

KAMPALA. Wengi wanakijua kilima cha Mulago kwa hospitali yake, iliyoanza mwaka 1913. Anayeshusha mzigo Kalerwe, bondeni chini ya kilima hicho, anakijua pia kwa maji yake. Mabati na lami havinywi mvua. Yote huteremka hadi mfereji wa Nsooba, yakapita Kalerwe na Bwaise kuelekea Lubigi, bonde lililokuwa kinamasi cha mafunjo kabla nyumba na maduka hayajalibana. Mfereji ukizibwa na kaveera, mifuko ya plastiki, maji hutafuta njia nyingine, na njia hiyo mara nyingi ni mlango wa stoo.

Tarehe 26 Machi 2025 mvua kubwa ilifurisha sehemu nyingi za Kampala. Polisi walihesabu watu 7 waliokufa.

Taarifa za mvua zipo. ICPAC, kituo cha hali ya hewa cha kanda chenye makao karibu na Nairobi, hutoa utabiri wa msimu kwa nchi 11, na mamlaka ya hali ya hewa ya Uganda hutoa wake. Lakini kusikia redioni kwamba mvua itakuwa "juu ya wastani" hakumwambii mwenye magunia 40 ya vitunguu afanye nini leo jioni. Hapo ndipo elimu ya maafa inapohitajika, na haina makuu: mzigo ukae juu ya vichanja, si sakafuni, swichi kuu ya umeme izimwe kabla maji hayajaifikia, vibali na daftari la madeni viwe kwenye mfuko usiopenya maji. Maji yanayokimbia, hata ya kina cha sentimita 15 tu, yanaweza kumwangusha mtu mzima, kwa hiyo gunia lililochukuliwa liachwe liende. Na baada ya mafuriko, kwa kuwa vyoo vya bondeni hufurika navyo, maji ya kunywa yachemshwe. Kipindupindu hakiulizi pasipoti.

Mafunzo ya namna hii kwa kawaida huitishwa kupitia wenyeviti wa LC1, na wanaohudhuria ni wakazi. Mfanyabiashara aliyelala Busia jana na atakayelala Mutukula kesho hayumo katika orodha ya mtaa wowote, ingawa mtaji wake wote uko bondeni. Kwa maoni yangu, somo lingefaa kumfuata pale anapopatikana: sokoni wakati wa kushusha mzigo, kwenye maegesho ya malori, na mpakani anaposubiri karatasi zake.

Tena mafuriko hayamngoji sokoni tu. Mei 2023 maji yalikata barabara ya Kampala kwenda Masaka kwenye daraja la Katonga, na magari ya Mutukula na Rwanda yakalazimika kuzunguka kupitia Mpigi na Sembabule. Mwenye nyanya ndani ya lori anajua saa hizo za ziada zilimgharimu nini.

Mvua za vuli huanza Septemba. Kuzibua mitaro ni kazi ya Julai na Agosti, wakati mfereji una maji machache na mtu anaweza kusimama ndani yake na koleo.