Kuonja kwa Haki: Sayansi ya Kupima Divai Nyekundu ya Bei Nafuu

Wahenga walisema kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Msemo huu una hekima yake, lakini dukani hautimii sikuzote. Katika Igogo, kata iliyo kusini ya katikati ya jiji la Mwanza, ambako nyumba zimepanda mlima wa mawe, chupa ya divai nyekundu iliyotoka Dodoma huweza kusimama jirani na chupa ya ng'ambo yenye bei kubwa zaidi. Mnunuzi anayetaka kumheshimu mgeni wake huichagua ile ya ng'ambo kabla hajaonja hata tone. Je, hukumu hiyo imetolewa na ulimi, au na karatasi iliyobandikwa kwenye chupa? Swali hili si dogo, kwani nyuma ya chupa ya Dodoma wapo wakulima, na hukumu isiyo ya haki hupoteza jasho lao.

Asili ya wekundu

Kilimo cha mizabibu Dodoma kilianzishwa na wamisionari wa Kitaliano huko Bihawana katika miaka ya 1950. Nchi ile ni kame na yenye jua kali, na mkulima huweza kuvuna mara mbili kwa mwaka, jambo lisilowezekana Ulaya. Kituo cha utafiti cha Makutupora hushughulikia zao hilo, na jina la mahali hapo limepewa aina ya zabibu nyekundu inayolimwa sana huko.

Zabibu zikipondwa, hamira hugeuza sukari yake kuwa alkoholi na gesi ya kaboni dayoksaidi. Maji ya zabibu nyingi nyekundu hayana rangi. Wekundu hutoka katika maganda, ambayo huachwa yaloweke wakati wa kuchachuka. Maganda hayohayo pamoja na kokwa hutoa tanini, ambayo ndiyo iletayo ukakasi kinywani.

Jicho, pua na ulimi

Muonjaji hodari hufuata utaratibu. Kwanza huinua bilauri mbele ya kitu cheupe na kutazama rangi. Divai changa huelekea zambarau. Iliyozeeka, au iliyoharibiwa na hewa, huelekea rangi ya matofali. Pili, huizungusha bilauri taratibu na kunusa. Harufu kali ya siki huonyesha kwamba bakteria wamekwisha kuanza kugeuza alkoholi kuwa asidi ya asetiki.

Tatu, huonja kidogo, akasukasuka kinywani, kisha akatema. Hapo hujiuliza mambo manne: uchachu, utamu, uchungu na ukakasi. Ukakasi si ladha hasa, bali ni mguso. Tanini hushikamana na protini za mate, na utelezi wa mate hupungua. Ndiyo maana ulimi huhisi umekauka, kama mtu aliyekula ndizi mbichi au bibo. Divai njema si ile isiyo na ukakasi wala uchachu, bali ile ambayo mambo hayo yamelingana. Tena ieleweke kwamba utamu mwingi huficha uchachu na uchungu; kwa hiyo divai tamu sana huweza kupendwa na wengi huku kasoro zake zikiwa zimefunikwa.

Joto nalo lina neno lake. Vitabu vya Ulaya hushauri divai nyekundu inywewe katika joto la chumba, lakini chumba kinachokusudiwa ni cha nchi ya baridi, yapata digrii 16 hadi 18 za Selsiasi. Mchana wa Mwanza hufika digrii 27 au zaidi. Katika joto hilo alkoholi huvukiza upesi na kufunika harufu nyingine. Chupa iliyokaa majuma mengi chini ya bati au juani huharibika hata kama ilitoka kiwandani ikiwa njema. Basi anayeonja chupa ya namna hiyo huenda anaihukumu rafu ya duka, wala si shamba la mizabibu.

Jicho humdanganya mwenyewe

Hata muonjaji aliyefundishwa hupotoshwa na anachokiona. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2001, wanafunzi 54 wa elimu ya divai huko Bordeaux, Ufaransa, walipewa divai nyeupe ileile mara mbili: mara moja ilivyo, na mara nyingine ikiwa imetiwa rangi nyekundu isiyo na harufu. Ile iliyotiwa rangi waliieleza kwa maneno ya divai nyekundu. Na tarehe 24 Mei 1976, mjini Paris, waamuzi wa Kifaransa walionja divai bila kuoneshwa majina yake. Divai za California, zilizokuwa zikidharauliwa, zikashika nafasi ya kwanza katika nyeupe na katika nyekundu pia.

Jaribio la vikombe vitatu

Njia ya kujikinga na udanganyifu huo ni rahisi, na inafaa kufundishwa darasani. Kwa kuwa sheria hairuhusu vijana walio chini ya miaka 18 kuuziwa pombe, mwalimu atumie maji ya choya, ambayo wekundu wake hutokana na jamii ileile ya kemikali zinazoitia divai rangi. Atayarishe mchanganyiko wa aina mbili wenye rangi moja, mmoja ukizidi sukari kidogo. Kila mwanafunzi apewe vikombe vitatu, viwili vya aina moja na kimoja cha aina nyingine, akitaje kilicho tofauti. Mpangilio ubadilishwe, vikombe viandikwe namba zisizo na maana, na anayevigawa asijue siri yake. Waonjaji wasisemezane.

Anayebahatisha ana nafasi 1 kati ya 3. Katika wanafunzi 12, tunatazamia 4 wapatie kwa bahati tu. Wakipatia 8 au zaidi, hesabu yaonyesha kwamba bahati peke yake huleta matokeo hayo chini ya mara 2 katika majaribio 100. Hapo tuna haki ya kusema kwamba tofauti ipo na ulimi umeiona.

Watu wazima waweza kuzipima vivyo hivyo zile chupa mbili za Igogo, zikiwa zimefunikwa na zenye joto moja. Huenda ya Dodoma ikashinda. Huenda ikashindwa, na mtengenezaji akajua la kurekebisha. Kuonja kwa haki si kukipendelea cha nyumbani, wala kukidharau. Ni kukinyima kila kitu sifa na lawama ambazo hakijazistahili, mpaka kithibitike. Mwanafunzi aliyejifunza hivyo kwa kikombe cha choya atajua pia namna ya kuipima dawa, mbegu na habari atakazoletewa kesho.