Mchumba wa Mwaka wa Nne na Mashine ya Mama Mkwe

Kama una mchumba anayesomea uinjinia na yuko mwaka wa mwisho, pole sana dada. Huu ndio ule mwaka simu inaita mpaka inakata, unatuma meseji tatu unajibiwa moja, tena kwa neno moja: "karakana". Wikiendi haonekani. Akija, mikono inanuka grisi na kichwani mwake zimejaa nati na boliti. Wasichana wengi huanza kuhisi kuna mtu pembeni. Yupo kweli, ila jina lake ni projekti.

Kwa wasiojua, digrii ya uinjinia hapa kwetu ni miaka minne, na ule wa nne haupiti bila projekti. Mwanafunzi, peke yake au na wenzake, anachagua tatizo, anachora, anakata vyuma, anatengeneza kitu, halafu anasimama mbele ya jopo la walimu kukitetea. Akichemsha hapo, joho atalisikia kwa wenzake.

Mimi sina ugomvi na huo muda anaokunyima. Kinachoniuma ni pale kile kitu kinakoishia. Nimeingia karakana za vyuo kadhaa, na kila mara naonyeshwa kona yenye mashine zilizofunikwa vumbi. Nikiuliza hii ya nani, naambiwa jina la mwanafunzi. Nikiuliza inatumiwa na nani, watu wanatazamana.

Alikuwa na namba ya simu

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu wa Korogwe, alikuwa mwaka wa nne kwenye chuo ambacho sitakitaja. Mchumba wake ni mwalimu wa shule ya msingi pale pale Korogwe, lakini kwao ni Handeni. Mnaoifahamu Handeni mnajua ni nchi ya ukame, mahindi yanakubali mwaka huu na kugoma mwaka ujao, ila mhogo unavumilia. Mama wa binti anaishi kwa mhogo. Anamenya, anakatakata, anaanika, anauza makopa.

Basi kijana akaamua: projekti yangu itakuwa mashine ya kukata mihogo ya mama mkwe. Wazo tamu, au siyo? Dada yangu alikuwa ameweka akiba laki sita, ya kuanzia mahari. Laki nne zikaenda kwenye vyuma, beringi, visu na fundi wa kuchomelea. Dada alinung'unika, lakini akasema si zinaenda huko huko ukweni? Jopo nalo likafurahi, kijana akapata A.

Tukaipakia kwenye pikapu, kilomita 65 za lami kutoka Korogwe mpaka Handeni. Nilikuwemo kwenye msafara huo, na nitakwambia nilichokiona.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mkwe wangu. Ndiyo yenyewe hii?"

Mashine ilitengenezwa kwa mtu aliyesimama. Mama anafanya kazi yake amekaa kwenye kigoda, mjukuu ubavuni, anaongea na majirani. Mpini ulitaka mikono miwili, sasa nani atatia mihogo? Ikabidi aitwe mtu wa pili, wakati nyumba ile mchana ina mtu mmoja. Kubwa zaidi, fremu na visu vilikuwa vya chuma cha kawaida. Maji ya mhogo yana asidi, chuma kile kinashika kutu, na kutu inahamia kwenye chakula. Tulipofika gunia la pili vipande vikaanza kupata madoa ya kijivu. Mama akaokota kimoja, akakigeuza mara mbili.

"Mkwe, mnunuzi wangu hachukui makopa ya rangi hii."

Hakuna aliyecheka. Mama mwenyewe, kwa adabu za Kizigua, akaisifia rangi ya bluu iliyopakwa kwenye magurudumu. Wakati wa kurudi binti alikaa kimya karibu mpaka tunaingia Korogwe, ndipo akasema: "Miezi minane unatengeneza mashine ya mama yangu, na namba ya mama yangu unayo."

Jamani! Mimi nimesoma makala nyingi za ushauri wa mapenzi, sijakutana na sentensi iliyonyooka kama hiyo.

Jiko lisilopika ugali

Msidhani ni ugonjwa wa vyuo vyetu peke yake. Wakubwa nao wameumia, tofauti ni kwamba wengine walirudi kuuliza. Mwaka 2005 mwanafunzi wa MIT kule Marekani, Amos Winter, alikuja Tanzania kuangalia hali ya viti vya magurudumu. Kurudi kwao, yeye na wenzake wakabuni kiti cha kuendeshwa kwa fimbo mbili na mnyororo, kwa vipuri vya baiskeli ambavyo fundi wa kijijini anavijua. Ukishika fimbo juu unapata nguvu ya kupanda kilima, ukishika chini unapata kasi. Akili kubwa. Mwaka 2009 wakawapa watumiaji wa Afrika Mashariki wakijaribu. Majibu? Kizito, kipana mno kwa ndani ya nyumba, kinayumba mlimani. Wale vijana hawakununa. Toleo lililofuata likawa jepesi na jembamba zaidi.

Mfano mwingine naupenda kwa sababu ya jina lake. Chuo Kikuu cha Rice, mjini Houston, kilifungua karakana ya ubunifu ya wanafunzi mwaka 2009 ndani ya jengo lililokuwa jiko la chuo, na mpaka leo wanaiita Jiko. Meza ndefu, mashine za kukatia, printa za kutoa vitu vya plastiki, na wanafunzi wa idara tofauti wanagombea bisibisi moja. Mwaka 2010 kundi la mwaka wa mwisho lilipewa tatizo la watoto wachanga wanaoshindwa kupumua. Mashine ya hospitali ilikuwa ya maelfu ya dola. Wao wakachukua pampu ndogo zinazopuliza hewa kwenye matangi ya samaki wa mapambo. Lakini hawakuishia kwenye Jiko. Kifaa kilipelekwa Hospitali Kuu ya Queen Elizabeth, Blantyre, Malawi, mikononi mwa madaktari na manesi wenye wodi yao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba katika watoto waliowekewa kifaa hicho walipona asilimia 71, na katika waliopewa oksijeni tu walipona asilimia 44. Kikaitwa Pumani, kwa Kichewa. Mswahili hahitaji tafsiri hapo.

Dar es Salaam nako, Taasisi ya Teknolojia ya DIT ina stadio ya ubunifu kwa ushirikiano na hao hao Rice. Na Arusha tunaye Dk. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, aliyekulia Gongali, Karatu, akiyajua maradhi ya maji machafu tangu utoto. Chujio lake la maji linapangwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali husika, kwa sababu maji ya kijiji hiki siyo ya kile. Mwaka 2015 lilimpa Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi, pauni 25,000, naye ndiye aliyekuwa mshindi wa kwanza wa tuzo hiyo.

Sasa wewe ufanyeje?

Usimnunie. Usimuulize "projekti imefikia wapi", atakujibu kwa michoro mpaka usinzie. Muulize nani ataitumia, anakaa wapi, na lini mara ya mwisho walionana. Akianza kujikuna kichwa, mpandishe basi. Mwambie akae siku nzima na mtu huyo bila kutoa tepu ya kupimia, amenye mihogo naye, abebe madumu naye, aone mkono upi unachoka kwanza. Na kama mwenye kazi ni mama yako, dada, usikae kimya miezi minane halafu umalizie kwenye pikapu. Hilo nilimwambia pia mwalimu wetu. Alinitazama kwa jicho la "shangazi, uko upande gani?" Niko upande wa mama wa Handeni.

Mpwa wangu alihitimu, joho alivaa. Sasa anatengeneza ya pili, bila jopo wala maksi. Hii ni ya kukaliwa kama mbuzi ya kukunia nazi, mkono mmoja unasukuma mhogo, mwingine unazungusha mpini. Visu ni vya chuma kisichoshika kutu, ndiyo maana kazi inakwenda polepole, maana bei yake si mchezo. Vipimo vya kigoda alitumiwa na mama mwenyewe kwa simu, kwa shubiri. Mahari imesogezwa mpaka baada ya mavuno, na upande wa Handeni umekubali, kwa sharti kwamba mashine ndiyo itangulie.