Mizinga ya Mjerumani Ufipa: Mkubwa Kuliko Yote, wa Uongo, na wa Mwisho

Mizinga yenye nguvu kuliko yote ya Mjerumani Afrika Mashariki katika Vita vya Kwanza vya Dunia ilitoka baharini. Manowari Königsberg ilipoangamizwa katika delta ya Rufiji tarehe 11 Julai 1915, mizinga yake 10 iliopolewa, ikatengenezewa magurudumu na kupelekwa vitani nchi kavu. Kipenyo chake kilikuwa milimita 105 na kombora moja lilizidi kilo 17. Mmoja ulipanda reli hadi Kigoma, ukafungwa kwenye Graf von Götzen, meli kubwa kuliko zote Ziwa Tanganyika wakati ule. Wajerumani wenyewe waliizamisha meli hiyo Julai 1916. Ikaopolewa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, ikihudumia pia bandari ya Kasanga, Ufipa. 

Kasanga yenyewe, iliyoitwa Bismarckburg, ilikuwa na mizinga ya ajabu kuliko yote. Spicer-Simson, kamanda wa boti za Waingereza ziwani, hakuthubutu kulishambulia boma la Wajerumani lililokuwa pale kwa kuhofia mizinga yake. Jeshi la nchi kavu la Waingereza lilipoingia tarehe 8 Juni 1916, Wajerumani walikwisha kutoroka, na inasimuliwa kwamba mizinga iliyoogopewa ilikuwa ya magogo.

Mzinga wa mwisho ulikabidhiwa ng'ambo tu ya mpaka, Mbala, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kusimama Ulaya. Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alibakiwa na mzinga mmoja wenye makombora 40, nao ulikuwa wa Wareno! Bunduki zake zaidi ya 1,000 zilikuwa za Waingereza na Wareno. Kwa hiyo mkusanyaji asikimbilie kuita kila chuma cha zamani cha Ufipa "cha Mjerumani".

Utambuzi ni kazi ya macho, na ya rula kwa ganda tupu pekee. Kipenyo hutangulia: milimita 37 ni mzinga mdogo wa bomani, 105 ni mzinga wa Königsberg au mmojawapo wa mizinga mifupi iliyoletwa na meli Marie mwaka 1916. Kwenye kitako cha ganda la shaba husomwa mihuri ya kiwanda, mwezi na mwaka. Mkanda wa shaba kiunoni mwa kombora ukiwa na mikwaruzo ya mshazari, kombora hilo lilifyatuliwa. Hiyo haina maana kwamba ni salama. Lililofyatuliwa bila kulipuka ndilo la hatari kuliko yote, maana fyuzi yake imekwisha kuamshwa.

Ganda tupu ni kumbukumbu. Kombora lenye ncha, hata likiwa limeliwa na kutu kwa miaka 100, si la kupimwa, kusafishwa wala kuuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Ukilikuta shambani, usiliguse: weka alama kwa mbali, wazuie watoto, kisha toa taarifa polisi. Wataalamu wa jeshi pekee ndio wa kusema limekufa.