Kwa Nini Nesi Anarudi Kwenye Kitabu

Maisha yangu yote ya kazi nimekuwa mkunga, na sasa naishi Kerege, kwenye barabara ya Bagamoyo. Nikiulizwa kwa nini wahudumu wa afya wanaogopa kompyuta, nalikataa swali lenyewe. Nesi anayetuma pesa kwa simu na kuendesha kikoba cha WhatsApp haogopi kioo. Anachokwepa ni kazi mara mbili.

MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za uendeshaji wa huduma za afya, ilienea nchini miaka ya 1990 kwa vitabu: mgonjwa wa nje namba 5, mjamzito namba 6, anayejifungua namba 12. Mwisho wa mwezi mnajumlisha, ripoti ifike wilayani kufikia tarehe 7, kisha iingizwe kwenye DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu. Baadaye ikaja GoT-HoMIS ya TAMISEMI, programu ya kompyuta inayomfuata mgonjwa toka mapokezi hadi maabara, dawa na malipo. Lakini nilikofanya kazi vitabu havikuondoka. Usiku leba mko wawili, mama wawili wanasukuma. Nani ataandika mara mbili? Kinajazwa kitabu, maana hakingoji umeme. Kompyuta inajazwa asubuhi kwa kukumbuka, na saa ya kuzaliwa mtoto inakuwa ya kukisia.

Mmarekani Fred Davis aliandika mwaka 1989 kwamba mtu hupokea teknolojia akiona inamsaidia kazi na ni rahisi kutumia. Mimi naongeza: ikikwama, nani yuko karibu? Kwetu waliokwenda semina walihamishwa, waliobaki wakawa wanaingia kwa nywila ya mwenzao. Hilo linanikera mpaka leo. Dawa ikiandikwa kimakosa kwa jina la mtu ambaye hakuwa zamu, nani atajibu? Na siri za mgonjwa je, wakati tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022?

Famasi mambo yalikuwa mengine. Mtunza dawa aliipenda kompyuta kwa sababu ilimwonyesha papo hapo oksitosini iliyobaki. Wa dirisha la bima nao walikuwa makini, kwani madai yakikosewa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) haulipi. Sisi wa leba takwimu zetu zilipelekwa ngazi za juu, hazikurudi kwetu.

Mpaka mganga mfawidhi mmoja alipobandika ukutani grafu ya kliniki ya wajawazito. Tukaona wengi wanaanza kuja mimba imeshakuwa kubwa, tukapanga na wahudumu wa jamii kuwafuata majumbani. Binti mmoja wa zamu yangu, aliyekuwa akijaza ilimradi, akawa ananiuliza mwenyewe: “Mama, wa leo wote wameingia?”

Mtu wa Kerege leo anatibiwa Bagamoyo, kesho Bunju, na historia yake yote iko kwenye daftari alilolikunja mkobani. Kompyuta ingemfaa sana. Ndiyo maana nikisikia kituo kinaletewa mashine mpya, siulizi ni ngapi. Nauliza siku hiyo vitaondolewa vitabu gani, na mtaalamu wa mfumo atapatikana vipi saa nane za usiku.