Nani wa kwanza kukuchagulia wimbo?

Julai 1994 maabara moja ya chuo cha MIT, Marekani, ilifungua mtambo ulioitwa Ringo. Katika mitambo ya kupendekeza muziki, huu ni miongoni mwa ya kale kabisa. Uliutumia kwa barua pepe. Ulipewa orodha ya wasanii 125, ukampa kila mmoja alama kuanzia 1 hadi 7: 7 kwa yule ambaye huwezi kuishi bila nyimbo zake, 1 kwa yule ambaye hutaki hata kumsikia. Ringo ikatafuta watu waliotoa alama zinazofanana na zako, kisha ikakuletea wasanii ambao wao wamewapenda nawe hujawagusa. Waundaji wake, Upendra Shardanand na Pattie Maes, walieleza mwaka 1995 kwamba wameipa mashine kazi ya watu kupashana habari kwa mdomo. Ringo yenyewe haikusikia hata noti moja. Mitambo mingi ya leo bado inaanzia hapo hapo: inawajua wasikilizaji kabla ya kuujua muziki.

Kwa utaratibu na subira, hakuna wa kuwafikia Pandora, redio ya mtandaoni ya Marekani. Mradi wao ulioanza mwaka 2000 ulimkalisha mwanamuziki aliyesomea fani, akausikiliza wimbo mmoja kwa dakika 20 au zaidi, akijaza sifa zake zinazofika 450: mwendo, ala, namna mwimbaji anavyovuta sauti. Naiheshimu njia hii kuliko zote, maana kila wimbo ulipata sikio la mtu. Lakini piga hesabu. Mwaka 2022 Apple Music ilitangaza kufikisha nyimbo milioni 100; kwa dakika 20 kila mmoja, mtu asiyelala angehitaji zaidi ya miaka 3,800.

Mtambo uliokuwa kimya kuliko yote ni Audioscrobbler, wa mwanafunzi Richard Jones wa Southampton, Uingereza, mwaka 2002. Haukuuliza alama; uliandika tu kila ulichokicheza kwenye kompyuta.

Kwa wingi, Yahoo ilitoa mwaka 2011 alama za muziki zaidi ya milioni 262 kutoka kwa watumiaji milioni moja, ili watafiti washindane kubashiri nani atapenda nini. Mwaka 2018 Spotify nayo ikatoa orodha milioni moja za nyimbo zilizopangwa na wasikilizaji, fupi ikiwa na nyimbo 5, ndefu 250. Nyimbo mbili zinazokaa pamoja katika orodha nyingi huhesabiwa kuwa ndugu.

Wimbo ambao haujachezwa na mtu hauna ndugu. Hapo ndipo penye kidonda. Mwaka 2013 watafiti wa Ghent, Ubelgiji, waliifundisha mashine kuusoma mlio wenyewe kwa vipande vya sekunde 3, ikakisia nani angeupenda. Ni kipande kifupi kuliko pumzi ya mwimbaji, ila ndicho kilichompa msanii asiyejulikana mlango.

Kipimo kinachoniuma zaidi ni sekunde 30, kiasi ambacho Spotify inahitaji ndipo ihesabu kwamba wimbo umesikilizwa. Anayeruka kabla ya hapo hahesabiwi kuwa ameusikiliza. Mwimbaji wa taarab wa Unguja, Siti binti Saad, alirekodi Bombay mwaka 1928, na taarab ya asili ya kisiwa hicho haina haraka. Katika nyimbo za taarab hiyo, sekunde 30 zinaweza kupita fidla na udi tu vikiongea. Mwimbaji bado amekaa kitini, anasubiri zamu yake.