Je, Wajua? Dubai, Mji Uliogeuza Punguzo la Bei Kuwa Sikukuu

Kwingine sikukuu hutangulia na punguzo la bei hufuata. Dubai walianza na punguzo, kisha wakalitafutia fataki, muziki, bahati nasibu na pengwini. Ndiyo, pengwini. Tutawafikia.

Wageni wengi kuliko wenyeji

Je, wajua kwamba Tamasha la Ununuzi la Dubai lilipoanza Februari 1996 lilihesabu wahudhuriaji milioni 1.6, ilhali mji wenyewe haukuwa na wakazi hata laki 7? Kwa siku 43 watu hao waliacha madukani dirhamu bilioni 2.15, ambazo ni kama dola milioni 585. Mwaka ule Idd-el-Fitr iliangukia Februari hiyo hiyo, kwa hiyo watu walimaliza funga wakakuta mji mzima umewashwa taa na bei zimeshushwa. Siku hizi tamasha limehamia Desemba na Januari, hali ya hewa ikiwa tamu. Lile la 30 lilianza 6 Desemba 2024 likamalizika 12 Januari 2025.

Deni kwanza, mafuta baadaye

Muulize yeyote kijiweni Dubai imetajirikia nini, atakujibu mafuta. Lakini hori linaloukata mji huo katikati liliongezwa kina kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa fedha za kukopa, nyingi zikiwa za Kuwait, ili vyombo viingie bila kukwama kwenye mchanga. Mafuta yaligunduliwa 1966, na shehena ya kwanza ikauzwa nje 1969.

Ukirudi nyuma zaidi, mwanzoni mwa karne ya 20, mtawala, Sheikh Maktoum bin Hasher, alifuta ushuru wa forodha wakati bandari ya Lingah, ng'ambo upande wa Uajemi, ilikuwa inatozwa ushuru mpya. Wafanyabiashara wa Lingah hawakuhitaji kuambiwa mara mbili, walifungasha wakavuka. Mji huu, basi, una zaidi ya miaka 100 katika kazi ya kutoa ofa. Mwaka 1996 waliipa ratiba tu.

Boriti zetu, dari zao

Je, wajua kwamba upana wa vyumba katika nyumba za kale za Dubai uliamuliwa na mikoko ya Lamu na Rufiji? Ghuba haina miti mirefu ya kujengea, kwa hiyo dari ziliezekwa kwa boriti za kutoka kwetu. Urefu wake ukiwa mita 3 hadi 4, chumba kisingeweza kuzidi hapo hata kama mwenye nyumba alikuwa tajiri wa lulu. Ukiwa mitaa ya Al Fahidi au Shindagha, ingia nyumba yoyote iliyohifadhiwa kisha inua macho: boriti zimejipanga mstari, nyekundu iliyokolea, na mkunjo wa mti bado unaonekana. Kenya ilipiga marufuku kuuza boriti nje mwaka 1982.

Utamu wenyewe uko kwenye kalenda. Desemba, ambayo leo ni mwezi wa tamasha, ilikuwa miongoni mwa miezi ya nahodha wa Ghuba kutweka tanga kuja kwetu na tende, akisukumwa na kaskazi. Kusi ikimrudisha, alikuwa na boriti. Sasa safari imegeuka: sisi ndio tunaokwenda Desemba, na tunarudi na televisheni.

Pete ya kuazima kidole cha jitu

Katika dirisha la duka moja la Soko la Dhahabu, Deira, imewekwa pete ya karati 21 iitwayo Najmat Taiba. Ina uzito wa kilo 63.856, kumaanisha mfuko wa saruji ni mwepesi kuliko pete hii, na vito vyake peke yake ni kilo 5.17. Mafundi 55 waliitengeneza kwa siku 45, na Guinness wakaitambua kuwa pete kubwa kuliko zote duniani. Umati unaopigana vikumbo mbele ya kioo hicho hauji kununua. Unakuja kupiga picha, kisha unageuka na kukuta maduka mengine mamia yakiwa wazi, ambayo nadhani ndiyo hesabu ya mwenye duka.

Humo sokoni kuna kanuni moja ambayo mgeni akiijua mapema hatapoteza pumzi. Bei ya dhahabu haina mjadala: kioo cha kompyuta ukutani kinaonyesha bei ya gramu kwa karati 24, 22, 21 na 18, na bei hiyo hubadilika ndani ya siku kufuata soko la dunia. Kinachopatanwa ni ufundi wa sonara. Muuzaji anaweka bangili kwenye mizani, anabonyeza kikokotoo, anakigeuza kukuelekea wewe, na kuanzia hapo kila mmoja anafuta tarakimu za mwenzake kwa kidole bila maneno mengi. Bangili iliyonakshiwa sana ina ufundi ghali, na siku ukiiuza ufundi huo hulipwi. Mama zetu waliosuka akiba yao kwenye bangili nyembamba zisizo na nakshi walijua wanachofanya.

Mkufu unaohesabiwa kwa kilomita

Kwa tamasha la 1999 masonara walitengeneza mkufu mmoja wa dhahabu wenye urefu wa zaidi ya kilomita 4. Mwaka 2015, tamasha likifanyika kwa mara ya 20, wakaivunja rekodi hiyo kwa mwingine uliopita kilomita 5. Hakuna makumbusho yaliyonufaika: mikufu hiyo ilikatwa vipande ikauzwa, na leo kuna watu wamevaa sentimita kadhaa za rekodi ya dunia mkononi.

Ibn Battuta ana duka lake

Msafiri wa Tangier aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, na akaisifu sana Kilwa, ana jumba la maduka lenye jina lake Dubai tangu 2005. Limegawanywa sehemu 6 kufuata safari zake: Andalusia, Tunisia, Misri, Uajemi, India na China, na ile ya China ina merikebu ya Kichina ya ukubwa kamili imesimama katikati ya wanunuzi. Pwani ya Waswahili haimo. Wakifikiria kuongeza sehemu ya 7, tuna mapendekezo.

Watanzania na Wakenya, karibu wote

Mwaka 2023 Dubai Mall ilipokea watu milioni 105. Chukua sensa ya Tanzania ya 2022 iliyohesabu watu milioni 61.7, ongeza ile ya Kenya ya 2019 iliyohesabu milioni 47.6, uone jinsi ulivyokaribia. Jumba hilo la maduka yapatayo 1,200 lilifunguliwa Novemba 2008, na lina tangi la samaki la lita milioni 10 na mifupa ya dinosaria iliyochimbuliwa Wyoming, Marekani, yenye umri wa miaka kama milioni 155. Mtoto anayelia kwa kuburutwa dukani hapo hunyamaza, na mzazi anapata dakika 20 za kujaribu viatu.

Pengwini wa jangwani

Ni kiangazi, nje ni nyuzijoto zaidi ya 40. Ndani, kwenye jumba la Mall of the Emirates, kuna mlima wa theluji wenye kimo cha mita 85, ambako joto hukaa chini ya sifuri na tiketi yako inakuja na koti na buti. Unaitwa Ski Dubai, ulifunguliwa 2005, na pengwini wanaishi humo wakitoka kwa gwaride mbele ya wageni.

Haya yote yalianza na tatizo la kawaida la mwenye duka: kiangazi hakuna wateja. Dubai ikaanzisha tamasha la pili mwaka 1998, la Juni hadi Agosti, likaitwa Dubai Summer Surprises, na kuwapa watoto katuni ya manjano iitwayo Modhesh, yenye umbo la springi. Wazo la kumwalika mtu Dubai mwezi Julai lingeonekana mzaha. Watu walikwenda, mradi waliahidiwa kwamba kuanzia teksi hadi hotelini hawatatoka kwenye kiyoyozi.

Huwezi kushusha bei ovyo

Je, wajua kwamba mwenye duka Dubai haruhusiwi kubandika tangazo la punguzo dirishani bila kibali cha idara ya uchumi na utalii? Lengo ni kuwazuia wale wanaopandisha bei leo ili waishushe kesho, mchezo ambao hatuhitaji kusafiri kuujua.

Vibali vikitoka, mambo huwa moto. Kwa miaka kadhaa, tarehe 26 Desemba, baadhi ya majumba makubwa yamekuwa na punguzo la saa 12 tu, kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 4 usiku, na bei hushuka hadi asilimia 90. Neno la kuangalia hapo ni "hadi". Asilimia 90 huwa ni ya rafu moja ya nyuma yenye viatu vya namba zisizo na wenyewe.

Nchi nyingi kwa tiketi moja

Global Village ilianza miaka ya 1990 kama vibanda vichache kando ya hori, ikiwa sehemu ya tamasha. Sasa ina uwanja wake nje ya mji, hufunguliwa Oktoba hadi Mei, na msimu wa 2024 hadi 2025 ilipokea watu milioni 10.5. Nchi zina mabanda yao, asali ya Yemen huku, mazulia ya Afghanistan kule, na banda la Afrika ni la kuingia ukiwa na Kiswahili chako tayari. Nenda usiku, kuanzia jua kuzama ndipo panapochangamka.

Spea majini, simu angani

Mitaa ya Naif na Al Sabkha, Deira, mwenzetu hahitaji mkalimani. Ofisi za kago zimeandika Dar es Salaam, Mombasa, Zanzibar, Lubumbashi na Bujumbura kwa herufi kubwa mlangoni, na mbele yake vijana wanazungushia maboksi utepe wa plastiki hadi yanang'aa. Wazoefu hawauangalii mzigo kwa bei yake bali kwa umbo lake: kwa meli unalipia nafasi, kwa ndege unalipia kilo. Kwa hiyo spea za gari, nzito na ndogo, hupanda meli. Simu, nyepesi na zenye haraka, hupanda ndege.

Biashara hii imejenga mitaa huku kwetu. Eastleigh, Nairobi, nyumba ya kulala wageni ya Garissa Lodge iligeuka soko mwanzoni mwa miaka ya 1990 baada ya wapangaji, wengi wao wakimbizi wa Kisomali, kuanza kuuza vitu vya Dubai vyumbani mwao, juu ya vitanda walivyolalia. Majumba ya maduka yaliyofuata mtaani hapo yaliiga mfano huo, bila vitanda.

Kodi inayorudi mfukoni

Tangu 2018 kuna Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 5, na mtalii anaweza kudai sehemu yake akiondoka. Ununuzi uanzie dirhamu 250 katika duka lililo kwenye mpango, unarudishiwa sehemu kubwa ya kodi, kisha wanakata ada ndogo. Mwambie muuzaji mapema kuwa wewe ni mgeni na mpe pasipoti, halafu kwenye uwanja wa ndege pitia mashine za kodi kabla ya kukabidhi mabegi. Wanaokumbuka baada ya begi kwenda ndio wanaoipenda zaidi serikali.

Miezi 6 iliyozaa miaka 41

Duka la uwanja wa ndege, Dubai Duty Free, lilifunguliwa 20 Desemba 1983. Kulianzisha aliitwa Colm McLoughlin, Muairishi aliyetokea uwanja wa Shannon, ambako duka la kwanza la aina hiyo duniani lilizaliwa 1947. Mkataba wake ulikuwa wa miezi 6. Alistaafu 2024.

Chini yake ndipo zilipoanza zile bahati nasibu unazozikuta kati ya manukato na chokoleti. Ile maarufu, iliyoanza 1999, ina tiketi 5,000 tu kwa kila droo, kila tiketi dirhamu 1,000, na zawadi ni dola milioni 1. Piga hesabu mwenyewe: zikiisha zote, mauzo ni dirhamu milioni 5, na zawadi ni kama dirhamu milioni 3.67. Duka halilali njaa. Ila nafasi ya 1 kati ya 5,000 ni nono kuliko utakayoipata kwenye bahati nasibu nyingi za dunia, na hapo ndipo watu wenye akili timamu hufungua pochi wakiwa wameshaitwa kupanda ndege.

Kila 20 Desemba duka hilo huadhimisha siku yake ya kuzaliwa kwa punguzo la asilimia 25, katikati kabisa ya msimu wa tamasha. Ukiwa na tiketi ya ndege ya tarehe hiyo, fika uwanjani mapema, maana foleni ya malipo siku ile hushinda ile ya uhamiaji.