Viti Vinne, Watu Watatu

Kumwalika shangazi safarini kisha kumsimamisha juu ya mizani mbele ya watoto ni jambo gumu. Mwenye ndege ndogo hana budi kulifanya.

Chukua Cessna 172S, ndege ya injini moja ambayo wengi hujifunzia urubani. Ina viti vinne, na uzito wake wa juu kabisa wa kuruka ni kilo 1,157. Ikiwa tupu ina takriban kilo 750, kwa hiyo zinabaki kama 400 za kugawana. Petroli ya ndege ikijaa matangi, lita 200 hivi, inachukua kilo 144. Sasa panda wewe na watu wazima watatu, kila mmoja wenu wanne akiwa na kilo 80: umezidisha zaidi ya kilo 60, na hata begi moja halijaingia. Mwenye ndege ana mambo mawili ya kuchagua: apunguze mafuta na kutua njiani kuongeza, au amwache mtu nyumbani.

Mahali pa kuweka mzigo napo pana hesabu yake. Mizigo mizito ikirundikwa nyuma, kitovu cha uzito husogea mkiani, pua hutaka kuinuka, na rubani anaweza kushindwa kuirudisha chini. Tarehe 25 Agosti 2001, mwimbaji Aaliyah na wenzake walipanda Cessna 402 ya kukodi huko Marsh Harbour, Bahama. Ilianguka mara tu baada ya kuruka, na watu wote 9 waliokuwamo wakafa. Wachunguzi walikuta ilizidishwa uzito, imebeba abiria mmoja zaidi ya idadi iliyoruhusiwa, na kitovu cha uzito kilikuwa nyuma mno.

Kwetu milima na joto huongeza ugumu. Uwanja wa Wilson, Nairobi, uko karibu mita 1,690 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na adhuhuri ya jua kali huifanya nyepesi zaidi: injini hupungukiwa nguvu, mabawa hushika hewa kidogo, ndege hukimbia mbali kabla ya kuinuka. Mzigo unaobebeka bila shida asubuhi pale Malindi unaweza kukushinda Wilson saa nane mchana.

Matunzo nayo yana adui asiyetajwa sana: kuegesha. Injini isiyorushwa kwa wiki nyingi hushika unyevu na kutu ndani. Ndiyo maana watengenezaji wa injini za Lycoming husema oili na chujio vibadilishwe kila saa 50 za kuruka au kila miezi 4, kitakachotangulia. Fundi makini hulikata lile chujio la zamani, akaukunjua utando wake kutafuta chembe za chuma. Nyigu hujenga ndani ya kibomba cha kupimia mwendo kisipofunikwa. Maji huzama chini ya petroli tangini, kwa hiyo kabla ya safari rubani hukinga kidogo kwenye kichupa na kuyatafuta. Kazi hiyo ni ya dakika chache, na sikubaliani kabisa na anayeiruka kwa sababu jana petroli ilikuwa safi.

Nawe msomaji, ukialikwa kupanda ndege ya rafiki na akakuuliza una kilo ngapi, mtajie za kweli, pamoja na za begi lako.